Jani la Method

Jamaa zangu mnaoishi huku kandokando ya Washington, leo nawasema nyinyi wenyewe, na atakayenuna anune.

Jumamosi hiyo kule Lanham nyumba ya Vumilia ilikuwa shwari. Sombe, yaani kisamvu, ilikuwa jikoni, na mumewe Method alikuwa roshani akimwagilia mmea mpya, akiimba chinichini. Vumilia alifurahi kumsikia. Mwaka mzima Method alikuwa hapati usingizi, akitoka kazini anajifungia garini na chupa, na vidonge vya daktari vilimtuliza kidogo tu.

Kisha akalichukua koti la Method alifue. Mfukoni, ndani ya leso, akakuta jani refu lililofungwa fundo, la mmea uleule wa roshani.

Vumilia ni mtu wa Uvira, Method ni Mchagga, na tangu waoane hawakuwahi kuulizana mila za kwao. Alilirudisha jani mfukoni, akatoka.

"Ule mti ni wa nini?"

"Urembo tu," Method akajibu bila kumtazama.

Alidanganya, na kosa hilo ni lake. Aliogopa mkewe na kikundi chake cha maombi wasije wakamwita mpagani.

Vumilia akampigia Gaudiose, Mrundi wa Riverdale Park anayesali naye.

"Fundo?" Gaudiose akasema. "Dada, hapo kuna mtu amefungwa. Na pengine ni wewe."

Basi mwenzenu Vumilia akaanza kuona mambo. Kwa nini Method anaongea Kichagga simuni huku amefunga mlango wa bafu? Kwa nini anaimba? Hata chai aliyomiminiwa na mumewe aliimwaga. Kumuuliza tena hakumuuliza, ng'o. Alilikatakata lile jani kwa mkasi, akalitupa, akaikunja leso na kuirudisha mfukoni vilevile.

Jumapili Method akavaa koti lake. "Naenda zamu," akasema. Vumilia alijua hana zamu. Mwanamke, akawaza, au mganga. Akamfuata kwa gari lake mpaka Columbia.

Mlango aliobisha Method ulifunguliwa na Cosmas, kaka yake mkubwa. Ndugu hao hawakuwa wakisemeshana tangu mama yao afariki. Method hakwenda kwao kumzika kwa kuwa karatasi zake za uhamiaji zilikuwa bado, na Cosmas alimwambia kuwa tangu siku hiyo yeye Method hana mama. Hapo ndipo usingizi ulipompotea.

Method akapiga magoti. "Kaka, nimekuletea isale. Naomba msamaha." Akafungua leso. Haikuwa na kitu. Akapapasa mfuko mmoja, akapapasa mwingine.

"Isale liko wapi?" Cosmas akauliza. "Umekuja mikono mitupu kunifanyia mzaha? Mama alikuita mpaka anakata roho."

Mlango ukafungwa. Method akabaki pale pale analia kama mtoto.

Vumilia, aliyekuwa ameshuka garini na kusimama nyuma yao, alisikia yote, akasogea mlangoni kwa aibu. Pembeni ya kizingiti palikuwa na chungu, na mmea ndani yake ulikuwa ndugu wa ule wa roshani. Akavunja jani, akalifunga fundo, akagonga mlango, akapiga magoti kando ya mumewe. Cosmas alipofungua, akasema kwa Kiswahili cha kwao Uvira:

"Shemeji, njo mimi nilitupa ile majani. Niliwaza ni uchawi. Yeye hana kosa."

Cosmas akalitazama jani. "Hili umelivunja kwangu."

"Njo ile ilikuwa karibu, shemeji."

Cosmas akautazama ule mmea wake wa mlangoni. Kwao Wachagga isale, jani la kuombea msamaha, halikataliwi; anayelikataa anajitakia balaa. Mwishowe akalipokea kwa mikono miwili.

"Isale haliulizwi limetoka wapi," akasema. "Method, inuka uingie."

Ndani, Cosmas alimtaja mama yao kwa Kichagga, akamimina maziwa kidogo chini, akampa mdogo wake kikombe hichohicho anywe. Method akamlilia mama yake kwa mara ya kwanza. Mchana huo alilala kwenye kochi la kaka yake mpaka jua linazama, na Vumilia akawakataza watoto wa nyumba ile wasiwashe televisheni.

FUNZO

Dawa za hospitali tumezeni, sizikatazi. Lakini kuna ugonjwa unaoponywa na watu wako kwa njia ya kwenu, na ukiificha njia hiyo ndani ya ndoa, mwenzako ataiita uchawi. Wewe mwenye mila, sema. Na wewe uliyekuta jani mfukoni, muulize mwenye koti kabla hujampigia Gaudiose.