Uzi wa Hariri, Mlango wa Moyo

Sikukuu ya Diwali ilikuwa imekaribia, na katika soko la nguo la Ahmedabad hapakuwa na pa kuweka mguu. Vasumati alivua kandambili zake za plastiki mlangoni pa duka la kona, akapenya katikati ya wanawake waliokuwa wakigombea vitambaa, akaketi kwenye lile godoro jeupe la wateja. Alivaa sari ya pamba, nyeupe, yenye maua madogo ya buluu, na jasho lilimtiririka shingoni. Alikuwa mjane, mvi zimeshajaa kichwani, na Mjaini wa kweli kweli, wa dini isiyoruhusu kuua hata mdudu. Ngozi havai. Hariri havai, kwa sababu viwavi huchemshwa wakiwa hai. Hata tangawizi haiingii jikoni kwake, maana ukiing'oa umeua mmea na vidudu vyake.

"Nishushie ile ya kijani, kaka. Ni pamba tupu?"

Mwenye duka aliitwa Rasikbhai, mzee mwembamba, mjane kama yeye, aliyefiwa na mke, masharubu yake mekundu kwa hina. Wateja walikuwa wanamvuta huku na huku. Kusema "ndiyo" kusingemgharimu kitu. Lakini alivaa miwani, akalipeleka pindo dirishani penye mwanga, akalitazama.

"Pamba, dada. Ila hapa pindoni pana uzi mmoja wa hariri. Huwezi kuuona, lakini upo."

"Sasa mbona unaniambia? Si ungeuza tu?"

"Ningeuza, halafu nikilala uzi wenyewe ungenikaba shingo."

Vasumati akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Hakununua kitu siku ile, lakini alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena.

Ikawa kila jioni simu inalia jua likianza kuzama.

"Umekula, Vasu?"

"Nimekula. Sisi Wajaini hatuli gizani kama nyinyi popo."

"Popo huyu amekukumbuka."

"Mkumbuke ng'ombe wako kwanza, mzee wa hina."

Alimtania hivyo kwa sababu Rasikbhai alikuwa na ng'ombe wa mtaani, mweupe, pembe moja imepinda, aliyekuja kusimama mbele ya duka kila asubuhi. Chapati ya kwanza ya nyumba ilikuwa yake. Rasikbhai humlisha kwa mkono, kisha hugusa paji lake la uso, kisha lake mwenyewe, ndipo afungue duka. Kwa Wahindu, watu wa dini yake, ng'ombe ni mama.

Mvua zilipoanza, Vasumati akaanza kuhema. Ngazi za hekaluni zikamshinda, na siku moja akaanguka pale pale akiwa na sahani ya mchele mkononi. Hospitalini wakaona kwamba mlango mkubwa wa moyo, ule unaopitisha damu kwenda mwilini, umeganda chokaa kama birika la maji ya kisima. Kifua hakikuweza kupasuliwa, mapafu yake yalikuwa dhaifu mno. Dawa ilikuwa moja tu, kumpitishia mlango mpya kwenye mshipa wa paja. Hukunjwa kama mwavuli, ukapanda na mrija mwembamba mpaka moyoni, na huko hufunguliwa ndani ya ule wa zamani.

Mengine daktari aliyasema ukumbini, mbele ya Rasikbhai na Jigna, binti pekee wa Vasumati. Kwetu mgonjwa haambiwi kila kitu. Huambiwa watu wake, nao huamua cha kumfikishia na cha kumeza. Wawili hawa walirudi kitandani wanatabasamu.

"Ni kitu kidogo tu, Mama," alisema Jigna. "Hata huchanwi."

Rasikbhai aliinama sikioni kwake. "Ukitoka, Vasu, tuoane."

"Kwanza nitoke," alijibu, na macho yake yakang'aa kama ya msichana.

Alitoka. Hakulazwa usingizi mzito. Alisikia moyo ukikimbizwa ghafla kama cherehani iliyoachiwa, kisha ukatulia, na hewa ikamwingia mpaka chini kabisa, kwa namna aliyokuwa ameshaisahau. Baada ya siku chache alikuwa anapanda ngazi huku akiimba.

Jambo moja lilimshangaza. Rasikbhai aliacha kumlisha ng'ombe. Alimwona akipitia uchochoro wa nyuma ili asikutane na mnyama huyo.

"Amekukosea nini mama yako?" alimtania.

"Miguu inaniuma," alisema, na kubadilisha mazungumzo.

Siku ya kurudi kwa daktari walikwenda wote watatu. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alimpima, akafurahi. Mezani palikuwa na mfano wa mlango kama ule wake: kikopo cha waya, na ndani yake vipande vitatu vyeupe vya kufunga na kufungua. Vasumati hakuweza kujizuia. Alikisugua kipande kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyosugua kitambaa dukani.

"Laini hii! Ni pamba ya wapi, mwanangu?"

Daktari akatabasamu. "Si pamba, mama. Ni utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Husafishwa, ukatiwa dawa, ukashonwa kwa mkono. Nilidhani wenzako wamekueleza."

Kikopo kilimponyoka kikabingirika sakafuni. Alimtazama Jigna, Jigna alikuwa anatafuta kitu asichokijua mkobani. Alimtazama Rasikbhai. Rasikbhai alikuwa anatazama miguu yake.

"Mlijua," alisema.

Alitoka, akapanda bajaji peke yake.

Jioni ile simu ililia ikakata, ikalia tena. Mara ya tatu akapokea.

"Vasu, usikate. Daktari alisema kuna wa ng'ombe na kuna wa nguruwe, hakuna wa tatu usiohitaji kupasua. Tungekuambia ungekataa."

"Habari ya uzi mmoja uliniambia. Uzi! Mnyama mzima ukanificha?"

"Uzi usingekuua."

"Basi wewe ndiye unayepima ukweli upi nivae na upi nisivae?"

Akakata. Jigna naye alikuja analia. "Mama, ungekufa!"

"Labda. Lakini ningekufa nikiwa mimi."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa mzima. Kila ngazi aliyopanda bila kuhema ilimsema. Usingizi ukimjia husikia ule mlango ukifunguka na kufungwa, taratibu, kwa uaminifu, na hajui amshukuru nani wala amwombe nani radhi. Mwanamume aliyempenda kwa sababu ya ukweli ndiye aliyemdanganya kifuani. Alikunja sari zote alizozinunua kwake, akazisukuma chini ya kitanda.

Siku nane za mfungo wa Wajaini zikafika, na mwisho wake ile siku ya kusameheana. Siku hiyo kila mmoja wetu huunganisha viganja na kumwambia mwenziwe: kama nimekukosea kwa kujua au bila kujua, nisamehe. Jigna alikuja alfajiri, akaanguka miguuni pa mama yake na kusema alichokifanya, neno kwa neno, na Vasumati akamwinua. Jioni Rasikbhai akasimama mlangoni, kanzu nyeupe imepigwa pasi, masharubu hayana hina.

"Kama nimekukosea kwa kujua au bila—"

"Koma hapo!" alisema Vasumati. "Maneno hayo hata muuza maziwa ameniletea leo. Wewe taja."

"Nilijua ni ng'ombe. Nilimwambia Jigna tusikuambie. Yeye alitaka kukuambia, mimi nikamzuia. Niliogopa utasema hapana, nami sina kifua cha kuisikia."

Vasumati alishika mwimo wa mlango. Hilo la Jigna hakulijua. Binti alikuwa amelibeba lote peke yake.

"Ungeniuliza ningesema nini?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Labda ningekubali, Rasik. Labda ningelia usiku kucha, asubuhi nikakubali. Sitajua mpaka naingia kaburini... hata kaburi hatuna, sisi huchomwa, mpaka naingia motoni. Hicho ndicho ulichoniibia."

Mzee alilia wima, hakujifuta. Vasumati alimwacha alie. Kisha akaenda jikoni, akarudi na chapati ya moto kwenye kitambaa.

"Twende. Kuna mmoja hatujamwomba radhi."

Walimkuta ng'ombe mweupe penye kona yake, taa za maduka zikimwakia mgongoni. Rasikbhai aliimega chapati, akamlisha kwa mkono. Vasumati aliunganisha viganja mbele ya ile pembe iliyopinda, akasema maneno yote tangu mwanzo, polepole, kwa sauti. Ng'ombe alitafuna, akapunga sikio, akalamba kidole cha mzee.

"Na lile swali langu la hospitalini?" alinong'ona Rasikbhai. "Nilitoe au nilimeze?"

"Ukiuliza, ujiandae kusikia hapana."

Bajaji zilipita zikipiga honi.

"Vasumati, utakubali kuolewa nami?"

"Hapana."

Vasumati alisubiri aone kama mzee atakimbia. Hakukimbia. Alisimama pale pale na kile kitambaa kitupu.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Imekuua?"

"Bado."

Kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kikopo, Vasumati alicheka, kidogo tu. Alimnyang'anya kitambaa, akakikung'uta unga, akakikunja pembe kwa pembe.

"Basi niulize tena Jumapili," alisema. "Na wewe uniulize vizuri, kama mtu asiyejua jibu."