Roda Hatoki Kwenye Wimbo

Kila siku baada ya masomo, Nasteha Jattani alipitia kwenye kinu cha kusaga nafaka cha mama yake, Sabdio, katika mtaa wa Bulla Pesa, akasalimia, akaingia stoo ya mahindi na kufunga mlango. Stoo hiyo ndiyo iliyokuwa studio yake. Wenzake walicheka walipoiona mara ya kwanza, lakini magunia yale yaliyopangwa hadi karibu na dari yalimeza mwangwi wote. Kompyuta kuukuu aliyoachiwa na binamu yake ilikaa vizuri juu ya gunia moja, na yeye akakaa juu ya jingine.

Tatizo lilikuwa mashine ya kusaga. Ilinguruma upande wa pili wa ukuta mchana kutwa. Nasteha alivaa hedifoni, akaongeza sauti mpaka ngurumo ikapotea, kisha akaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa wimbo mmoja. Nasteha aliuimba pamoja na rafiki yake Roda Achuka, na Ekai, mwanafunzi mwenzao, akapiga ngoma. Redio moja ya mjini ilikuwa imekubali kuucheza Jumamosi katika kipindi cha watoto. Mtangazaji alitoa sharti: wimbo umfikie kabla ya jua kuchwa Ijumaa, na kila neno lisikike. La sivyo, kundi lingine lingechukua nafasi yao.

Nao wimbo haukusikika wote. Roda alikuwa na sauti nzito, tulivu, na kila ngoma ya Ekai ilipolia, sauti hiyo ilizama.

"Dawa ni rahisi," Ekai alisema siku ya Jumatatu. "Mtoe Roda. Imba peke yako."

Roda alitazama vidole vya miguu yake. "Nitoeni tu. Mimi nitapiga makofi."

"Makofi ya nini?" Nasteha aliruka. "Roda hatoki kwenye wimbo. Huo ubeti aliutunga nani, wewe Ekai?"

"Basi tuupeleke kwa fundi wa muziki kule mtaa wa Chechelesi. Yeye ana spika kubwa. Wewe una magunia."

"Hatuupeleki popote. Nitautengeneza mimi, hapa hapa."

"Haya, bosi wa mahindi," Ekai alisema, akaenda zake.

Nasteha alikaza uso. Programu yake ilionyesha sauti kama mstari kwenye kioo. Upande wa kushoto zilikaa sauti nzito, kama mdundo wa ngoma. Upande wa kulia zilikaa zile nyembamba na kali, kama herufi "s" inapopita katikati ya meno. Ukiinua mstari mahali fulani, sauti za mahali hapo huongezeka, ukiushusha, hupungua. Aliinua upande wa kulia wa sauti ya Roda ili maneno yake yatoboe ngoma. Yakatoboa! Jumatatu jioni alienda nyumbani akitabasamu.

Jumanne alipokuwa katikati ya kazi, maneno yalisikika kwake kama yamefunikwa na shuka. Akainua tena. Jumatano vivyo hivyo. Akainua zaidi, akaongeza na sauti ya hedifoni. Alipozivua, masikio yalimlia wiii, kama mbu aliyekwama ndani. Hakumwambia mtu. Mbu ni mbu tu.

Alhamisi, mama yake alizima mashine ili abadilishe chekecheo. Nasteha aliona hiyo ndiyo nafasi yake. Alitoa kompyuta nje, akaunganisha spika ndogo, akawaita Roda na Ekai.

Wimbo ulipoanza, Ekai aliziba masikio. "Weee! Zima! Hiyo ni sauti ya Roda au mtu anakata mabati?"

Mwanamke aliyekuja na ndoo ya mahindi akarudi nyuma hatua kadhaa. Hata Roda alikunja uso. "Nasteha, rafiki yangu, inauma masikio kidogo."

"Mnaona wivu tu!"

"Wivu wa nini, na ni sauti yangu?"

"Mbona unapiga kelele?" mama yake aliuliza.

"Sipigi kelele!" Nasteha alifoka, na watu wote wakageuka kumtazama.

Hapo mzee Guracha aliinuka kutoka kwenye gunia lake. Alikuwa ameendesha mashine ile tangu Nasteha hajazaliwa. "Mwacheni mtoto!" alinguruma. "Wimbo ni mzuri! Leo nimesikia kila neno!"

Nasteha alinyoosha shingo kama jogoo. "Haya! Mmesikia? Mzee Guracha ameusikia wote."

Mama Sabdio hakubishana. Alimsogelea Guracha, akasimama nyuma yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, chai imefika." Guracha hakutikisika. Mama akamgusa bega, akarudia kwa nguvu.

"Ah, chai!" Guracha aligeuka. Alitazama nyuso za watoto, akaelewa kilichokuwa kikisemwa. Akacheka bila haya. "Masikio yangu yaliliwa na hii mashine, binti yangu. Ujana ulinidanganya kwamba kelele huzoeleka. Yalilia wiii siku nyingi, nikayapuuza. Siku moja yakanyamaza, nikafurahi. Kumbe yalikuwa yanaondoka."

Nasteha aligusa sikio lake. Wiii. Neno lile lile. Tena mtu pekee aliyeusifu wimbo wake ndiye aliyeongea kwa kelele kama yeye.

"Lete hedifoni," mama alisema, mkono mbele.

"Mama, kesho ndiyo mwisho!"

"Kesho ni Ijumaa, najua siku. Leo masikio yako yamechoka. Fundi aliyechoka macho hashoni. Lete."

"Na sitaupeleka Chechelesi!"

"Nani amekuambia uupeleke? Lete hedifoni."

Akazitoa, machozi ya hasira yakimlengalenga.

Ijumaa kinu kilifungwa kwa ajili ya swala na hakikufunguliwa tena siku hiyo. Nasteha na Roda waliingia stoo baada ya shule. Palikuwa kimya mpaka walisikia njiwa wakitembea juu ya mabati. Masikio ya Nasteha hayakulia tena. Alifungulia wimbo kwenye spika ndogo, sauti ya chini, kama watu wanaozungumza.

Kila "s" ilikuja kama wembe.

"Ya Rabbi," alinong'ona. "Hii nimeifanya mimi?"

"Wewe na magunia yako," Roda alisema, wakacheka wote wawili.

Alishusha upande wa kulia, kidogo kidogo, mpaka Roda akarudi kuwa Roda. Lakini ngoma ikammeza tena. Nasteha alitaka kuinua mahali pengine, akajizuia. Kwa nini kila mara aongeze? Safari hii alishika mstari wa ngoma. Aliushusha mahali pamoja tu, pale ngoma ilipokalia sauti ya Roda, na kwingine hakugusa. Roda akatokea, nzito na wazi, bila kupiga kelele.

Ekai alifika akihema, akasikia ngoma imepungua. "Umeimaliza ngoma yangu?"

"Ngoma yako iko. Nimeiambia isogee kidogo, mwenzake akae. Sikiliza."

Ekai alisikiliza mpaka mwisho. Alikuna kichwa. "Iko," alikiri. "Na yule naye yuko."

"Nilikosea kwenye zile sauti kali," Nasteha alisema akimtazama usoni. "Ulisema kweli, nikakuita mwenye wivu. Nisamehe. Lakini kumtoa Roda, hapo wewe ndiye uliyekosea, na hata leo ningekataa."

Waliutuma jua likiwa bado juu. Jibu la mtangazaji lilipofika kwenye simu ya mama, Roda ndiye aliyelisoma, mara mbili, kama haamini: "Kila neno linasikika. Mwambie huyo mwenye sauti nzito asiache kuimba."

Mama Sabdio alimrudishia Nasteha hedifoni, lakini hakuziachia mara moja.

"Sikiliza vizuri. Kumkatalia Ekai asimtoe rafiki yako ulifanya sawa, na akitaka hivyo tena, kataa tena. Lakini watu watatu walikuonyesha kwamba wimbo unaumiza, nawe ukamshika yule mmoja aliyekusifu. Mwenye msimamo husikiliza kwanza, ndipo akatae. Na masikio hayauzwi dukani. Kuanzia leo utafanya kazi mashine ikiwa imezimwa, sauti iwe chini, na yakilia, unapumzika na kuniambia tumwone daktari. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama." Nasteha alivuta hedifoni taratibu. "Ila Jumatatu Ekai ana wimbo mwingine, na tutautengeneza hapa hapa stoo."

"Basi panga yale magunia vizuri," mama alisema. "Yasije yakawaangukia."