Maji ya Kibanda cha Kigwa

Shemeji yangu Nasri anajua kila kitu duniani, isipokuwa kile anachokifanya kwa wakati huo. Nalisema mapema ili msije mkamwonea huruma bure. Huruma yenu mtunzieni mdogo wangu Najiat, ambaye kwa bahati yake mbaya ndiye aliyeolewa na mtu huyo.

Alhamisi ile ilianza kama Alhamisi nyingine yoyote pale gereji kwangu Ipuli, Tabora mjini. Nilikunywa chai, nikafungua injini ya kijana wa bodaboda aliyekuwa anaendesha bila oili tangu Ramadhani, nikamtukana, akacheka. Saa sita mchana simu ikaita. Nasri.

Nasri hununua asali vijijini, Kigwa na kuendelea, akaileta mjini. Mwaka jana alijinunulia pikipiki kubwa, ile ya kupozwa kwa maji, yenye rejeta na kifeni chake kama gari. Nikamwambia hiyo si pikipiki ya kubebea madumu ya asali kwenye mchanga. Akanijibu kwamba mimi nimezoea vipikipiki vya watoto. Haya, bwana mkubwa.

"Shemeji, inachemsha," akasema kwenye simu.

"Feni inazunguka?"

"Feni ipi?"

Subhanallah! Mtu ana chombo mwaka mzima, hajui kama kina feni. Nikamwambia aache injini ipoe, afungue kifuniko cha rejeta, aongeze maji.

"Maji gani? Huku ni pori tupu."

"Maji yoyote, bwana! Injini haichagui. Hata ya kunywea mbwa. Ukiyaona, chukua, tia."

Nikakata simu, nikarudi kwenye kazi yangu. Kosa lenyewe ni hilo, na nililifanya mimi. Nimelisema kwa mdomo wangu, asije mtu akanisemea.

Siku hiyo hiyo, kwenye saa saba, Najiat alianguka jikoni akisonga ugali. Majirani wakampeleka kupimwa. Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Akatundikiwa dripu mbili na joto likabaki palepale. Akarudishwa nyumbani, akawa analala chali na kulalamika kiu. Unampa jagi zima la maji, analimaliza, anakutazama na kusema bado hajanywa.

Jumatano nikaenda kumwangalia. Mume wake nilimkuta uani, ana kitambaa mkononi, anaifuta pikipiki.

"Shemeji, tangu siku ile haijachemsha tena," akasema. "Nimeitibu mwenyewe, wala sikuhitaji fundi."

Mke anaungua ndani, yeye anasifia rejeta!  Kwa hasira tu, ili nimwoneshe kwamba hajatibu chochote, nikaiwasha pikipiki na kuiacha iungurume juani. Dakika kumi zinatosha. Nikaiacha nusu saa. Kisha nikaweka kiganja kwenye injini.

Ilikuwa baridi kama mtungi.

Nikaweka kiganja tena. Baridi. Nikajisemea, Latifu, wewe ni fundi, usibabaike. Feni huwa inawashwa na swichi ndogo inayohisi joto. Nikachomoa soketi ya swichi ile, nikaunganisha nyaya mbili kwa kipande cha waya, ili feni iende moja kwa moja. Hicho ni kipimo cha siku ya kwanza gereji. Feni ikazunguka.

Ndani ya nyumba, Najiat aliyekuwa anaguna tangu asubuhi akanyamaza. Kisha nikamsikia dirishani.

"Alhamdulillahi. Upepo."

Nikachomoa waya. Akaanza kuguna. Nikarudisha.

"Upepo," akasema.

Kati ya feni ile na kitanda chake kulikuwa na ukuta mzima wa tofali. Nikajaribu mara ya tatu. Ya nne sikujaribu. 

Nikaagiza betri mbili kubwa kutoka gereji, nikaiunga moja na feni ili isisimame hata dakika. Halafu nikazima injini, nikaweka beseni chini, nikafungua nati ya kumwagia maji. Rejeta ile inachukua lita moja na nusu. Beseni likajaa. Nasri akaleta ndoo ndogo. Ikajaa. Yalikuwa maji safi, baridi, hayana kutu wala rangi ya dawa ya rejeta. Tukayahamishia kwenye dumu la lita ishirini, na rejeta ikaendelea kumwaga, taratibu, bila haraka. Dumu lilipojaa mpaka mdomoni, ikakata. Niliinama kuyanusa. Yalinuka jasho la watu.

"Nasri," nikasema polepole, "ulitia maji ya wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alijibu kama mtu mwenye aibu. Mbele ya Kigwa, kwenye njia ya zamani iliyopitwa na misafara ya wapagazi, kuna kibanda kidogo cha nyasi, cha mizimu. Ndani yake kuna mtungi. Alichota chupa moja.

"Si wewe ulisema maji yoyote?"

Ningempiga. Lakini alisema kweli, na ukweli wa mpumbavu unauma kuliko wa mwenye akili.

Kibanda kile kinatunzwa na mama mmoja mfuga nyuki, Dafrosa, ambaye Nasri hununua asali kwake. Tukampigia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza.  Akanong'ona, kama mtu asiyetaka walio karibu wamsikie.

"Hayo ni ya wapagazi. Walikufa na kiu, mizigo iko begani, Tabora imebaki mwendo wa siku moja. Tunawawekea wanywe. Nyie mmeinywesha pikipiki."

"Tufanye nini, mama?"

"Aliyesema yachotwe ndiye atayarudisha. Kwa miguu. Kwa bega. Asipande chombo, asipokezane na mtu. Yakifika, watamwachia mgonjwa wenu."

Nilitaka kucheka. Mimi nimesoma ufundi, nina cheti ukutani. Nikaangalia feni. Nikamsikia mdogo wangu anapumua ndani. Sikucheka.

Baada ya sala ya alfajiri nikalitwika dumu bega la kulia, nikaondoka. Nasri nilimwachia kazi moja, ya mtoto wa chekechea: kaa hapa, tazama feni, betri ikichoka badilisha. Mpaka jua linachomoza nilikuwa nimeshauacha mji. Mtu mmoja wa baiskeli akanionea huruma, akataka kunisaidia. Nikamfukuza.

Saa nne bega lilikuwa linawaka. Hapo ndipo nilipoanza kusikia miguu.

Ilikuwa nyuma yangu, peku, kwenye mchanga. Nikadhani ni wachunga ng'ombe. Nikasimama. Ikasimama, ila hatua moja baadaye. Nikageuka. Barabara nyeupe, jua kali, hakuna hata mbuzi. Nikatembea. Ikatembea. Ilikuwa mingi.

Nikasoma Ayatul Kursiy. Nikaisoma tena. Miguu haikukimbia, wala haikukaribia. Ilinifuata kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonitisha.

Saa sita jua lilikuwa utosini. Kivuli changu kilikuwa kimejikunja chini ya viatu. Kando yake nikaona kingine. Na kingine. Vilikuwa vimepangana mstari mpaka mbele yangu, juu ya mchanga. Vivuli tupu. Kila kimoja kina mzigo begani.

Wenyewe hawakuwapo.

Nikawa natazama mbele tu. Dumu lilizidi uzito, si kidogo kidogo, bali kama mtu anaongeza jiwe kila hatua.  Simu ikalia. Nasri, ananong'ona.

"Shemeji, feni inapunguza mwendo. Nimebadilisha betri, bado. Najiat hanijibu. Umefika wapi?"

Umefika wapi! Amekaa kivulini, ananiuliza nimefika wapi! Hasira ikanipanda, hasira ya wote: ya Nasri, ya wafu wasiokubali kufa, ya mdogo wangu aliyechagua mume kama yule wakati nilimkataza. Nikapiga kelele peke yangu barabarani.

"Naumwa mimi? Mimi si punda wa mtu! Abebe mwenye homa yake!"

Dumu likawa jepesi.

Palepale. Kama mtu amelishika kwa chini. Nikadhani limetoboka, nikalitua, nikalikagua. Kavu. Maji yamejaa mpaka kifunikoni. Nikalirudisha begani kwa mkono mmoja, bila kuugulia. Miguu nyuma ilikuwa imenyamaza. Kitu pekee nilichosikia ni pumzi ya mtu mmoja, karibu kabisa na sikio la kulia, ya haraka haraka. Sikugeuka. Nilifurahi, nisiwadanganye. Nilifurahi na nikaongeza mwendo, na alasiri nikapita Kigwa karibu nakimbia.

Dafrosa alikuwa ananisubiri kibandani. Akalipokea dumu, akayamimina maji mtungini taratibu, mpaka tone la mwisho. Mtungi ule hata lita kumi hauchukui. Yaliingia yote. Kisha akanitazama bega, akatazama njia niliyotokea.

"Yule mwingine ameishia wapi?" akanong'ona.

"Mwingine yupi? Nimekuja peke yangu."

Akanitazama kwa dharau, mimi fundi mzima, akaingia nyumbani kwake, jirani na kibanda, bila kuaga.

Simu ikalia. Nasri alikuwa analia kama mtoto. Feni imesimama, shemeji, imesimama yenyewe, na Najiat ameamka, amekaa, anataka uji.

Nilirudi Ijumaa asubuhi kwa basi. Nyumba ilijaa majirani. Wakanipa mikono, wakaniita mwanamume. Nikawasimulia yote, kasoro yale maneno ya saa sita. Nikawaambia nimebeba mwenyewe, hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, huku watu wengine wakitazama feni. Wakamcheka Nasri. Na mimi nikamcheka, tena kwa sauti. Najiat alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika kanga mpaka shingoni, ananisikiliza.

Watu walipoondoka kwenda msikitini, akaniita.

"Kaka. Mbona ulinipa bila kuniuliza?"

"Nilikupa nini?"

 Akashusha kanga bega la kulia. Juu yake palikuwa na sugu, nene, jeusi, limepasuka kama kisigino, sugu la mtu aliyebeba mizigo miaka ishirini. Nikaligusa kwa kidole. Nikalibonyeza.

"Sisikii kitu hapo," akasema kwa upole.

Nikavua shati langu pale pale, nikajitazama. Bega langu lilikuwa laini, halina hata mchubuko.