Bomba Alilopewa Elinuru

Kaa hapo, simu weka pembeni, nikupe iliyomkuta mshikaji wangu Elinuru kwenye kiwanda cha chai huku milimani.

Walikuwa wanahamisha mashine kubwa ya kusokota majani, huku nyingine zinaunguruma kazini. Inatembezwa juu ya mabomba ya chuma. Wenzake wanasukuma, bomba likibaki nyuma analetewa Elinuru, analitandika mbele.

Umeme ukakatika. Ukungu umeziba madirisha, ndani giza tii, kimya. Suruali yake ikanasa chini ya bomba la mbele.

"Oya, msisukume! Nimenasa!"

"Nani asukume, bwege wewe?" Lucian, mmoja wa wasukumaji, akacheka kwa mbali. "Sote tuko mlangoni huku!"

Krrr. Mashine ikasogea. Elinuru akavuta mguu, wapi! Akapiga kelele, wenzake wakazidi kucheka.

Krrr. Nyuma, bomba likadondoka kwenye sementi, ngaa! Halafu mkono wa baridi ukamshika kiganja, ukamwekea bomba, taratibu, kama anavyopewa siku zote.

Asipolitandika, mashine itainama imwangukie mguuni. Akilitandika, inazidi kuja.

Wewe hilo bomba ungelifanyaje?