Ukinipoteza Kwenye Kioo

Dwight Hensley alifungua mlango wa bafu la gari-nyumba lililokuwa likiuzwa, akamkuta mwanamke amesimama ndani, mkavu, na buti zake miguuni, akijifanya anajisugua mgongo.

"Kuna mtu humu," mwanamke alisema.

"Naona. Samahani, bibie."

"Samahani ya nini? Niambie ukweli: wewe na hilo tumbo, mngeweza kugeuka humu?"

"Tumbo lingebaki nje, linipe taulo."

Walicheka mpaka muuzaji akaja kuchungulia. Hayo yalikuwa maonyesho ya magari ya kambi mjini Asheville, mwezi Februari, ukumbi umefurika watu na unanuka bisi. Mwanamke aliitwa Corrine Ledford: koti jekundu la sufu, mvi zimefungwa kitambaa cha bluu, na moyo ambao mumewe wa zamani aliuvunja kwa kumwambia, "Mimi najiweza bila wewe." Dwight alikuwa fundi wa mabasi ya shule, shati la drafti, mikono mikubwa, kapera wa miaka mingi asiyejua kueleza lililo moyoni.

Kufikia Pasaka, Dwight alikuwa amenunua gari-nyumba kuukuu, na mapenzi yao yalikuwa na ramani. Waliitandaza jikoni kwa Corrine, kati ya bakuli la maharage na mkate wa mahindi. Wangeifuata barabara ya Blue Ridge juu ya milima, mwezi Oktoba, majani yakiwa mekundu.

"Hapa tunalala usiku mmoja," Dwight alisema.

"Mmoja? Wee mwanamume, unakwenda kutembea au unakimbia polisi?"

"Haya, mbili, malkia wangu."

"Tatu. Na asubuhi kahawa unanipikia wewe."

Mwezi Mei walipanda mlimani kwa gari dogo la Corrine kuchagua nafasi ya kambi. Aliichagua Corrine, ile yenye mwaloni upande mmoja na jiwe kubwa upande mwingine, akaizunguka akiipima kwa miguu. Ilikuwa nyembamba, na wapiga kambi husema ukitaka kujua ndoa ya watu, watazame wakiegesha. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada walibaki kwenye uwanja wa kanisa wakifanya mazoezi na gari-nyumba. Dwight akipiga rivasi, Corrine nyuma, mikono juu.

"Njoo, njoo, njoo, baba! Kata kushoto! Kushoto kwako, si kwa shetani!"

Sheria ilikuwa moja, na aliiweka yeye: "Ukinipoteza kwenye kioo, simama. Hata kama unaijua njia."

Jumapili moja ya Juni kulikuwa na manyunyu. Corrine aliteleza akaanguka nyuma ya gari. Kwenye kioo hakuonekana, na Dwight, kwa mazoea, alichelewa kukanyaga breki. Aliposhuka, Corrine alikuwa amekaa chini anacheka, anafuta tope kwenye sketi. Hakuona alichokiona Dwight: tairi limekanyaga ncha ya skafu iliyokuwa shingoni mwake. Dwight aliichomoa Corrine akiendelea kufuta tope, asimweleze. Siku hiyo kula alishindwa.

Wiki iliyofuata alimwita nyumbani kwake.

"Fumba macho, kipenzi. Haya, fumbua!"

Mbele ya usukani wa gari-nyumba kulikuwa na kioo kidogo kama cha televisheni, kinachoonyesha nyuma yote ya gari, hadi maua ya jirani.

"Kamera," alisema Dwight, uso unamng'aa. "Huna haja ya kusimama nyuma tena. Sasa najiweza mwenyewe."

"Unajiweza mwenyewe."

"Kabisa!"

Mjinga wa watu! Corrine alichukua mkoba wake akaondoka. Jioni Dwight alipiga simu.

"Corrine, umekasirika?"

"La."

"Basi tuongee safari."

"Ongea na kamera yako."

Hapo Dwight naye akavimba. Zawadi amekataliwa, na sababu haambiwi! Yeye akangoja apigiwe, Corrine akangoja aulizwe. Kiburi cha watu wawili hakina msuluhishi. Agosti ilipokwisha, Corrine alikuwa amehamia kwa binti yake huko Oregon.

Oktoba ikafika. Dwight alipanda mlima peke yake na gari-nyumba lake. Milima ilikuwa mizuri, na yeye alilia njia nzima. Kambini alijaribu kuingia kwenye ile nafasi, akashindwa, akajaribu tena. Mwisho alichukua simu.

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Uko wapi?"

"Kwenye nafasi yetu. Siwezi kuingia."

"Kamera imekufa?"

"Nimeifunika kwa kofia. Corrine, ile siku ya mvua, tairi lilikanyaga skafu yako. Ikiwa shingoni. Nilidhani nimekuua. Nilinunua kamera ili usisimame tena nyuma ya gari langu."

Alimsikia akilia.

"Mbona hukusema, mpumbavu wewe?"

"Niliona aibu."

"Na mimi nikasikia hunihitaji."

"Nakuhitaji, Corrine. Rudi."

Kwa mbali sauti ya kiume iliita, "Mpenzi, supu inapoa!"

"Nani huyo?"

"Vernon. Jirani wa binti yangu. Aliniomba nimshikie ngazi akizibua mifereji ya paa. Tangu hapo kila siku ana la kuniomba. Tunafunga ndoa Jumamosi."

"Corrine..."

"Nimeshatoa neno, Dwight. Siwezi kumfanyia mtu nilivyofanyiwa mimi." Akapenga kamasi. "Mwaloni uko upande gani wako?"

"Kushoto."

"Njoo. Njoo, baba, polepole. Sasa kata kushoto. Kushoto kwako..."

"Si kwa shetani," Dwight alimalizia.

"Jiwe unaliona kwenye kioo?"

"Naliona."

"Basi umefika. Zima injini, mpenzi."

Simu ikakatika.

Dwight hakuzima. Alibaki ameshika usukani, macho kwenye kioo cha pembeni, mpaka mama mmoja wa hema la jirani akaja kugonga dirisha.

"Kaka, moshi wote unaingia kwetu. Si umeshaegesha?"

"Samahani, dada," alisema Dwight, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Simwoni anayenielekeza."