Mfuniko wa Kisima cha Nakwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Redempta alichota maji kwenye kisima cha Nakwa, mdogo wake Fabiani wa miaka minne akimfuata nyuma. Ulikuwa mwaka 1983. Misumari na mbao vilikuwa adimu, na Damasi, fundi seremala, alisubiri miezi miwili ndipo akapata mbao za kufunika kisima hicho.

"Shikamoo, Baba Teodori," Redempta alimsalimu fundi huyo Ijumaa moja.

"Marahaba. Kanipimie mdomo wa kisima, mwanangu. Pima mara mbili, urefu na upana."

Alipima upana, akapata sentimita tisini. Wenzake walikuwa wakimwita kucheza rede. Alikumbuka somo la Mwalimu Aikande: maduara yote hufanana, ukijua kipenyo kimoja inatosha. Akaandika tisini mara mbili, akakimbia.

"Umepima kote?" fundi aliuliza alipopokea vipimo.

"Ndiyo, kote."

Jumamosi fundi aliweka mfuniko wake wa duara. Pande mbili zilibaki wazi. Kabla hajasema neno, Fabiani aliurukia. Mfuniko ukabinuka, naye akatumbukia kwenye uwazi hadi kifuani! Redempta alimdaka shati, likachanika, akamkamata mkono. Fundi akawavuta wote wawili.

Jiwe lililoporomoka kutoka ukingoni lilichelewa sana kusikika majini.

"Baba Teodori, nilidanganya," Redempta alisema akilia. "Nilipima mara moja tu."

Fundi aliuondoa mfuniko, akauweka kando.

Mwalimu Aikande, aliyekuja na ndoo yake, alipima urefu: sentimita mia na ishirini. "Hii ni duaradufu," alisema. "Maduara yote hufanana. Duaradufu hazifanani zote. Nyingine nene, nyingine nyembamba. Kipimo kimoja hakitoshi."

Mbao za kuongezea zilitoka kwenye kitanda ambacho fundi alikuwa akijitengenezea. Mwalimu alipigilia misumari miwili kwenye mbao, akafunga ncha za kamba kwenye misumari hiyo, akaikaza kwa kipande cha mkaa, akakizungusha mpaka duaradufu ikachoreka. Redempta alipiga msasa siku mbili. Mfuniko mpya ulikaa imara, hata fundi aliposimama juu yake.

"Kosa si la hesabu, Redempta," mwalimu alimwambia. "Usiandike kipimo ambacho hukukipima, hata kama unadhani unakijua. Watu watakanyaga juu ya neno lako."