Mama Kengele na Kioo cha Lori

Mtaani walimwita Mama Kengele. Ni mshonaji katika karakana ya sare za hospitali, na kila asubuhi huenda kazini kwa baiskeli. Akikuta mtu, kengele. Akikuta kuku, kengele. Hata kona isiyo na mtu aliipigia, kwa heshima tu.

Kengele hiyo ilimpa moyo kupita kiasi. Malori yalipopanga foleni kwenye makutano ya barabara, yeye alipenya upande wa kushoto hadi mbele. Alijiambia kwamba dereva atamwona, na asipomwona atamsikia.

Asubuhi moja, lori alilosimama ubavuni mwake lilikata kushoto. Mama Kengele alipiga kengele mpaka kidole kikauma. Lori likazidi kumjia. Akaruka, akaangukia mtaroni, na gurudumu la nyuma la baiskeli likapindika. Dereva alishuka mbio. Aliapa kwamba hakumwona wala hakumsikia.

Nyumbani, mumewe, ambaye ni seremala, alimpa pole na kumkanda goti. Kisha akaifungia baiskeli stoo, akatia ufunguo mfukoni. Alisema hayuko tayari kulea watoto peke yake. Mama Kengele aliumia moyo kuliko goti. Kwa miguu angechelewa kazini, na pale karakana mchelewaji hakuvumiliwa. Lakini kulikuwa na swali lililomnyima raha zaidi. Mtu na macho yake mawili anakosaje kuona baiskeli nyekundu iliyobeba mtu mzima?

Jirani yao ni dereva wa lori. Jumapili alikuwa kiwanjani akiosha lori lake. Mama Kengele akamwendea akichechemea, mumewe nyuma yake, akamuuliza swali hilo. Jirani hakubishana. Aliomba baiskeli iletwe hivyohivyo ilivyo. Akamsimamisha mume nayo upande wa kushoto, karibu na mlango wa lori. Halafu akampandisha Mama Kengele kwenye kiti cha dereva na kuwasha injini.

"Tazama kioo cha kushoto, shemeji. Unamwona bwana?"

Aliona ukuta. Aliona nguo zilizoanikwa kule mbali. Mume hakumwona.

"Ameondoka," alisema.

"Hajaondoka. Hivi sasa anapiga kengele yako."

Akatega sikio. Injini ilinguruma tu. Akainuka, akanyoosha shingo hadi dirisha la pili, ndipo akaona kipara cha mumewe kiking'aa juani, na kidole kikihangaika na kengele. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Ubavuni, na nyuma karibu sana na tela, macho yetu hayafiki," jirani alieleza. "Kwa hiyo kaa nyuma, tena mbali kidogo. Usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, jua naye hakuoni. Na hata ukiuona, usimpite ubavuni kwenye kona. Huenda anaangalia kwingine."

Mumewe, aliyekuwa bado na shaka, aliomba naye apande. Wakabadilishana. Akatazama kioo, akatazama tena. Akashuka. Alimshika mkewe mkono kama mtu aliyepoteana naye sokoni akampata. Jioni hiyo yeye mwenyewe alipeleka gurudumu kwa fundi baiskeli, na ufunguo wa stoo akaurudisha msumarini.

Siku hizi Mama Kengele husubiri nyuma ya malori, mahali anapouona uso wa dereva kwenye kioo. Juzi lori lililokuwa mbele yake lilikata kushoto ghafla, bila kuwasha taa ya kona. Tairi la nyuma likapita palepale alipozoea kusimama zamani. Alibaki na mguu chini mpaka likaisha kupita. Kisha akaendelea zake, na karakana akafika mapema.

Jioni alimsimulia mumewe. Seremala aliweka randa chini.

"Ulipiga kengele?" aliuliza.

"Ya nini?" akajibu. "Nilikuwa nyuma."